Kansa ya figo ikifika mapafuni bado ni ya figo

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka yote nikiwa kimya, hata mlipoondoa chemshabongo. Lakini ile habari ya Jumapili, ya mzee mwenye uvimbe kwenye figo ambaye eti "sasa amepata pia saratani ya mapafu", imenishinda.

Hakupata ya pili. Ni ileile ya figo, imesafiri na damu ikatua mapafuni, ambako ndiko inakokimbilia zaidi. Haitibiwi kama ya mvuta sigara. Kemo tuliyoizoea haiifanyi kitu cha maana. Kuna vidonge kama sunitinib, vilivyoanza kutumika Marekani mwaka 2006, vinavyoziba njia ya damu inayolisha uvimbe, na baadaye zikaja dripu za kuamsha kinga ya mwili, kama nivolumab. Mwandishi wenu anashangaa kwa nini mzee hakutolewa figo kwanza. Si kila mgonjwa hutolewa siku hizi, hilo huamuliwa na hali yake.

Baba watoto wangu anakunywa vidonge hivyo. Wiki nne anameza, wiki mbili anapumzika, ndivyo daktari alivyopanga. Nywele zimegeuka nyeupe, ngozi imepiga manjano, nyayo zimechubuka hata kandambili zinamtesa, presha nayo inapanda. Jumapili hiyohiyo wifi yangu akamkuta yuko kwenye mapumziko, hana dawa hata moja kitandani, na gazeti lenu analo mkononi. "Hapa wameandika mapafu, wewe unampeleka kwa daktari wa figo! Na hela ya dawa iko wapi?" Mpaka jioni kikao cha ukoo kilishaitishwa, mimi mshitakiwa, gazeti lenu shahidi, na mgonjwa mwenyewe akiombwa anyamaze asijichoshe.

Halafu chini ya habari hiyo mkaweka tangazo la unga wa "kusafisha figo", lipia kwa simu! Sisi tumekatazwa hata balungi, maana linavuruga dawa mwilini, nyie mnamuuzia mgonjwa kitu kisichojulikana kimetwangwa na nini.

Basi pesa ya tangazo hilo nunueni pakiti moja ya sunitinib, mtajua bei yake. Mkimaliza, mtumeni mwandishi wenu kwa wifi yangu akamweleze zile wiki mbili. Aende asubuhi, na asiende peke yake.

Mke wa mgonjwa,
Tanga