Filamu za maafa zisiishie kwenye helikopta

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako nitoe dukuduku langu. Mchambuzi wenu wa filamu ana mazoea ya kuzipima tamthilia za maafa kwa kipimo kimoja: wimbi lilikuwa la kutisha kiasi gani, majengo yaliporomoka ikaaminika au hapana. Hadithi ikifika mahali watu wanajikongoja kuanza maisha upya, utamsikia: "inakokota", "imepoa", "ingepunguzwa nusu saa". Mimi ningeipunguza hiyo nusu saa mwanzoni, kwenye wimbi lenyewe.

Chukua The Impossible ya J. A. Bayona, iliyotoka 2012. Sikatai, ina ufundi, na Naomi Watts alistahili kabisa kupendekezwa kuwania Oscar. Inatokana na kisa cha kweli cha familia ya Kihispania iliyokumbwa na tsunami ya Desemba 26, 2004 ikiwa likizoni Thailand (kwenye filamu wamegeuzwa Waingereza, na hilo nalo lina maneno yake). Wanatawanyika, wanatafutana, wanapatana, kisha ndege iliyopangwa na kampuni ya bima inawachukua na hadithi imekwisha. Maafa yale yaliua zaidi ya watu laki mbili katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi. Wanakijiji waliomkokota yule mama kutoka matopeni na kumsitiri kwa nguo tunawaona kidogo tu, halafu basi. Wao hakuna bima iliyowaletea ndege. Kesho yake waliamka palepale, na ya kesho yake ndiyo ningependa kuyaona.

Kwamba yanaweza kuonyeshwa, na watu wakajaa kwenye majumba ya sinema, Feng Xiaogang alishathibitisha mwaka 2010. Filamu yake, Aftershock, inaanzia kwenye tetemeko la Tangshan, China, la Julai 28, 1976. Ardhi ilitikisika saa tisa na dakika 42 usiku watu wakiwa wamelala, na kwa hesabu ya serikali walikufa zaidi ya 240,000. Mapacha wawili, msichana na mvulana, wamebanwa na bamba moja la zege. Ukilinyanyua upande huu linamponda wa upande ule. Mama anaambiwa achague, na achague upesi. Kwa sauti ya kukata roho anasema waokoe mtoto wa kiume. Binti, akiwa chini ya kifusi, anasikia.

Hapo filamu bado mbichi. Kinachofuata ni miaka 32. Binti anazinduka kati ya maiti, analelewa na wanandoa wanajeshi, anakua na sentensi ile moja kifuani wala hataki kutafuta kwao. Kaka mtu anaishi na mkono mmoja. Mama anakataa kuolewa tena, anakataa hata kuhama mji. Kila muhula mtoto wake anaponunuliwa vitabu vya shule, ananunua seti ya pili kwa ajili ya binti anayeamini amekufa. Wanapokutana, baada ya tetemeko la Sichuan la 2008, mama amemwoshea nyanya. Siku ya tetemeko ilikuwa imebaki nyanya moja, akampa mvulana, akamwahidi binti kwamba kesho atamnunulia. Nimewaona watu wazima wakishindwa kujizuia kwenye bakuli lile la nyanya, na wimbi lolote la kompyuta halijawahi kuwafanya hivyo. Ni kweli kuna mahali muziki unazidi, na machozi yanakamuliwa kwa nguvu. Namsamehe Feng.

Anayechukia machozi ya kukamuliwa amtazame Abbas Kiarostami, mwongozaji wa filamu wa Iran. Tetemeko la Juni 1990 kaskazini mwa Iran lilipiga usiku, Kombe la Dunia likiendelea Italia. Katika filamu yake ya 1992, mwongozaji na mwanawe wanapita na gari kuwatafuta watoto walioigiza katika filamu yake ya awali. Njiani wanakuta kijana aliyeoa siku moja tu baada ya maafa, huku akiwa amefiwa na ndugu chungu nzima. Wanakuta jamaa anayesimika antena katikati ya mahema ili watu waone mpira. Anaulizwa, moyo wa kutazama mpira anaupata wapi? Naye amefiwa, lakini Kombe la Dunia huja baada ya miaka minne. Mchambuzi wenu angeuliza mbona hatuonyeshwi nyumba zikianguka.

Halafu kuna upande ambao waandishi wa miswada wanauogopa kama ukoma: makaratasi. Hati ya kiwanja imekwenda na maji. Bila hati hakuna fidia. Bila alama za mpaka, jirani mliyekuwa mkiazimana chumvi anajenga uzio hatua tatu ndani ya eneo lako na kuapa kwamba ndipo palipokuwa tangu zamani. Aliyefiwa na mume hawezi kudai chochote kwa sababu mwili haukupatikana, na pasipo mwili cheti cha kifo kinasumbua. Niambieni kama hiyo haina mchezo wa kuigiza ndani yake! Tamthilia ya televisheni ya Treme, iliyorushwa kati ya 2010 na 2013, ilithubutu. Inaanza miezi mitatu baada ya Kimbunga Katrina cha Agosti 2005 kuizamisha karibu asilimia 80 ya New Orleans. Mwenye baa anamfukuzia fundi wa paa anayempiga chenga, na wakati huohuo anamsaka kaka yake aliyepotelea ndani ya mfumo wa magereza.

Najua hoja itakayokuja: watu wameumia, kwa nini kuwatonesha? Lakini linalotonesha zaidi ni lile wimbi. Machi 2011, siku chache baada ya tsunami ya Japani, filamu ya Clint Eastwood, Hereafter, iliondolewa kwenye majumba ya sinema ya huko, na sababu ilikuwa ile tsunami inayoifungua. Manusura hahitaji kukumbushwa maji yalivyokuja.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu kwa mchambuzi wenu ni dogo. Ikitoka nyingine ya aina hii, alitaje wimbi kwa mstari mmoja, kisha atueleze mhusika mkuu analala wapi mwaka wa tatu, anamdai nani, na kama bado wanasalimiana na jirani. Kama filamu yenyewe haina majibu, aipunguzie nyota kwa hilo.

Msomaji wenu wa siku nyingi