Mwanaidi asiombe radhi

Tromsø, Norwei, 9 Desemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na vuli haijaharibu zaidi ule upande wa jikoni. Mimi sijambo. Kazi ipo, baridi ipo, namshukuru Mungu. Barua anakuja nayo Mwajuma pamoja na mzigo mdogo. Najua atakayekusomea ni Mwanaidi. Mwanangu, soma kwa sauti na usiruke mahali, hata pale ninapomtaja baba yako, Kaka Shomari.

Hela nimetuma jana, laki mbili, kwa namba ya Zubeda kama kawaida. Laki moja ni ya mabati na dawa zako. Laki ya pili Kaka Shomari aliniomba kwa ajili ya twisheni ya likizo, na hapo nina neno, maana tangu aliponipigia Jumapili sijalala vizuri.

Kaka Shomari, shikamoo. Umeniambia Mwanaidi kapigishwa magoti nje ya darasa kwa kubishana na mwalimu, na kwamba shule zikifunguliwa Januari utampeleka mwenyewe akaombe radhi. Kisha unataka tumlipe mwalimu yuleyule amfundishe twisheni. Nikakuuliza alibisha nini. Ukasema, "Mambo ya jua. Mwalimu kasema baridi huja dunia ikiwa mbali na jua, yeye anabisha. Eti Ulaya kuna baridi Januari na wakati huohuo jua liko karibu." Kaka, hayo nilimwambia mimi kwenye simu. Magoti yale yalikuwa yangu. Na mtoto kasema kweli.

Dunia inalizunguka jua, lakini njia yake si duara kamili, imevutwa kidogo. Siku za mwanzo wa Januari ndipo inapokuwa karibu na jua kuliko siku zote, kama kilomita milioni 147. Mwanzo wa Julai inakuwa mbali zaidi, kama kilomita milioni 152. Umbali ungekuwa ndio unaoleta baridi, Januari tungetokwa jasho sote, nyie Pangani na mimi huku. Lakini huku sasa jua halichomozi kabisa. Lilizama mwishoni mwa Novemba na tutaliona tena katikati ya Januari. Saa sita mchana mbingu inapata rangi ya samawati kwa muda mfupi, kama alfajiri ya kwetu kabla ya wavuvi kurudi, halafu giza linarudi.

Chanzo ni mwinamo. Dunia imeinama kwenye mhimili wake nyuzi 23 na nusu, na inalizunguka jua ikiwa imeinama hivyohivyo mwaka mzima. Desemba upande wa kaskazini umelipa jua kisogo, Juni unalielekea. Ndiyo maana hapa tangu mwezi wa Mei mpaka Julai jua halizami hata usiku wa manane, na watu wanalala kwa mapazia mazito.

Mwanaidi, kwenye mzigo kuna tochi na tufe la plastiki la kupuliza. Chukua tochi usiku, imulike karatasi ukiishika wima juu yake. Utaona duara dogo, kali. Sasa ilaze tochi upande, umbali uwe uleule. Mwanga unatanuka kama yai na kufifia. Tochi haikupungua betri, ni mwanga uleule umegawanywa mahali pakubwa. Hivyo ndivyo jua linavyotupiga sisi huku likionekana, kwa ubavu. Nyie mko nyuzi 5 na kitu tu kusini ya ikweta, linawapiga utosini. Wiki ya kwanza ya Machi, saa sita na nusu mchana hivi, chomeka kijiti uani kisimame wima. Kivuli chake kitajificha chini yake. Na Oktoba mwanzoni vilevile. Mwite baba yako aone.

Haya siyasomi tu, mama, nayafundisha. Sikuwa nimekwambia. Tangu nilipofaulu mtihani wa lugha yao nimepewa watoto wa miaka mitano pale chekechea, na kona ya hali ya hewa ni yangu mimi. Kila asubuhi watoto wanafungua mlango, wanasoma kipimajoto, wanainua mkono kusikia upepo unatoka wapi, kisha wananiambia na ninaandika ubaoni. Wiki iliyopita tulitandaza kitambaa cheusi nje, tukakiacha kipoe, theluji ikadondoka juu yake. Tuliinama tukaangalia kwa kioo cha kukuzia: kila chembe iliyokuwa haijavunjika ilikuwa na pembe sita, kama nyota iliyofumwa kwa sindano ya kofia. Maji yakiganda hujipanga kwa sita. Nilitamani ungeziona kabla hazijayeyuka, wewe uliyefuma kofia maisha yako yote.

Wakaniuliza kwetu kuna upepo gani. Kaka, unakumbuka marehemu baba alivyokuwa akituketisha kwenye ngalawa iliyopinduliwa, anageuza uso, anasema kaskazi imeingia? Nilichukua tufe nikawaeleza. Miezi hii nchi kavu ya Asia inapoa, hewa yake inakuwa nzito na kutiririka kuja upande wetu, ambako hewa imepata joto na inapanda. Hiyo ndiyo kaskazi, na ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Maskati na Gujarat. Jua likihamia kaskazini, Asia inapata moto, upepo unageuka, kusi inavuma, majahazi yanarudi kwao. Nilipitisha kidole kutoka Maskati mpaka Pangani, watoto wametulia kimya, na mkuu wetu akasimama mlangoni mpaka nikamaliza. Maneno yale yote yalikuwa ya baba. Tufe tu ndilo lilikuwa langu.

Kwa hiyo Kaka, nakuheshimu, wewe ni mkubwa wangu, lakini mtoto wa nyumba ile haombi radhi kwa kusema kweli kuhusu jua. Akienda, aende na tochi na karatasi, amwonyeshe mwalimu kwa adabu. Ile laki ya twisheni mpe binti wa Mzee Kombo anayesomea ualimu. Yeye amfundishe. Itakayobaki mnunulieni rula na daftari la kuandikia mvua. Mwanaidi, kata chupa ya plastiki juu, ile sehemu ya mdomo igeuze uiingize kama mrija wa kumiminia, iweke uwanjani mbali na paa na minazi. Chagua chupa ambayo kuta zake zimenyooka, na weka kokoto chini na maji kidogo mpaka pawe tambarare, uanzie kupima hapo. Kila asubuhi pima maji kwa rula. Milimita moja ni lita moja imemwagika kwenye kila mita moja ya mraba. Nitumie namba zako, nitazibandika ubaoni kando ya zetu.

Mama, usiku nikitoka kazini natazama Kilimia, kile kichala cha nyota ndogondogo. Baba alikuwa akisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kwetu kinapotea wakati wa masika, kwa kuwa jua linapita upande wake, na Juni alfajiri kinazuka kwenye kipupwe. Hapa hakizami. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama dirishani usiku kucha nikingoja kizame, hakikuzama, kilizunguka tu na kuanza kupanda tena, na nililia sana. Baadaye nikaelewa kuwa ukisogea karibu na ncha ya dunia, nyota za upande wa kaskazini haziufikii upeo wa macho, zinazunguka zikiwa juu.

Kila Ijumaa ya miezi hii, baada ya Isha, saa mbili na nusu, mwambie Mwanaidi akutoe uani. Tazameni upande wa kaskazini, juu ya mwembe, mtaona kile kichala cha nyota ndogondogo. Kwangu itakuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, giza tayari, na mimi nitakuwa nimesimama kwenye kituo cha basi nakitazama.

Msalimie Zubeda na watoto wote, na shangazi wa Mkwaja. Mwanaidi, ukimaliza kumsomea bibi, mpe baba yako barua aisome mwenyewe.

Mwanao,
Saumu