Mgonjwa aliyeshindwa kula hajakataa chakula

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lenu kwa miaka mingi bila kuliandikia hata mstari mmoja, lakini ile habari ya malalamiko ya wananchi dhidi ya wauguzi, iliyomalizia kwa ahadi kwamba watumishi wa wodini watapelekwa kwenye semina ya huduma kwa wateja wakajifunze kusalimia, kutabasamu na kuacha lugha chafu, nimeshindwa kuinyamazia. Mimi ni muuguzi mstaafu. Lugha chafu ipo, nimeisikia kwa masikio yangu, na anayemtukana mama aliye katika uchungu wa kuzaa hastahili kuvaa sare. Hata hivyo, mwandishi wenu na wakubwa aliowahoji wanazungumza kana kwamba uuguzi ni kuchoma sindano, kupima presha na kugawa dawa, na kwamba kilichopungua ni adabu tu. Fikra hiyo inawaumiza hata wagonjwa ambao hawajawahi kutukanwa na mtu yeyote.

Mwaka jana dada yangu mkubwa alilazwa kwa kiharusi katika hospitali ambayo sitaitaja. Kiharusi kilimpata upande wa kulia wa ubongo, hivyo mkono na mguu wa kushoto vikalegea, na kama inavyowatokea wagonjwa wengi wa namna hiyo, akawa hautambui kabisa upande wake wa kushoto. Ukisimama huko hakuoni. Ukimsemesha kutoka huko anageuza uso kulia kukutafuta. Kabati la kitanda chake lilikuwa kushoto. Uji wake uliwekwa juu ya kabati hilo, ukapoa, ukafanya utando, ukaondolewa, na kwenye faili ikaandikwa kwa mwandiko safi kwamba mgonjwa amekataa kula. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Muuguzi wa zamu alikubali kunionyesha chati, nami sikuona pengo hata moja: presha imepimwa kwa saa zake, joto limeandikwa, mapigo ya moyo yameandikwa, dawa zimewekewa alama ya vema kuwa zimetolewa. Nilimwinua dada yangu akakaa kitako, nikamfungua kinywa ili nikisafishe kabla ya kumpa kitu chochote, na ndani ya shavu la kushoto nikakuta kidonge cha asubuhi kimegandamana na mabaki ya uji. Dawa iliyotiwa alama ya vema ilikuwa haijamezwa. Nilisafisha kinywa, nikamjaribu kwa kijiko kimoja cha maji nione kama atameza bila kukohoa, kisha nikahamishia kikombe upande wa kulia na kumlisha taratibu, kijiko baada ya kijiko, nikisubiri kila tonge lishuke. Akamaliza kikombe chote. Hapo hapakuwa na mtu aliyemtolea dada yangu lugha mbaya. Walimwita mama, walimpa pole, walitabasamu. Kwa kipimo cha semina mnayoisifu, wodi ile ingepewa cheti.

Alipokwisha kula alianza kulia, akaniuliza kibla kiko upande gani. Tangu alazwe alikuwa hajaswali, kwa sababu alikuwa amewekewa mpira wa mkojo na akaamini kwamba hana twahara na kwamba atakufa katika hali hiyo. Hofu hiyo alikuwa nayo usiku na mchana, na wauguzi waliisoma kwenye mashine kama presha iliyokataa kushuka. Nilimweleza habari ya kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo safi badala ya maji, na ya kuswali kwa ishara ukiwa umelala, mambo ambayo alikuwa akiyajua vizuri kuliko mimi kabla ugonjwa haujamchanganya. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Swali lenyewe ni la dakika moja.

Mambo haya si huruma ya ziada anayoionyesha muuguzi mwenye moyo mzuri anapopata nafasi. Ndiyo masomo ya kwanza kabisa ya taaluma yetu. Chuoni tulifundishwa kwamba uuguzi unasimama juu ya mambo manne: mtu, mazingira yake, afya, na kazi ya muuguzi mwenyewe, mtu ametajwa kwanza, wala si ugonjwa. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa mwaka 1820 Florence Nightingale, Mwingereza anayehesabiwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, wauguzi wetu huwasha mishumaa na kukariri kiapo chenye jina lake, ambacho hata hakukiandika yeye bali kilitungwa Marekani mwaka 1893 kwa heshima yake. Laiti tungekariri aliyoyaandika mwenyewe. Alipofika kwenye hospitali ya jeshi la Uingereza huko Scutari, Uturuki, mwaka 1854 wakati wa Vita ya Krimea, alihangaikia jikoni, dobi, hewa na usafi, kwa kuwa aliona askari wakifa kwa uchafu na maradhi ya kuambukiza kuliko kwa majeraha ya vita. Katika maandishi yake alionya waziwazi kuhusu chakula kinachoachwa kando ya mgonjwa kwa matumaini kwamba atakila baadaye, na akasema wagonjwa wanakufa njaa huku chakula kipo, kwa kukosa mtu wa kuangalia ni namna gani wataweza kukila. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye uji wa dada yangu uliganda juu ya kabati.

Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani, alitaja mahitaji 14 ambayo muuguzi anapaswa kumsaidia mgonjwa kuyatimiza, na humo, pamoja na kupumua, kula, kwenda haja, kujigeuza na kulala, ameweka kuzungumza kuhusu hofu zake na kuabudu kwa imani yake. Hakuyaweka mwishoni kama mapambo. Naye Cicely Saunders wa Uingereza, aliyeanza kazi akiwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, na aliyefungua hospitali ya St Christopher's kule London mwaka 1967 kwa ajili ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yana mwili, akili, jamaa na roho ndani yake, na kwamba ukitibu moja ukayaacha mengine, mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, peke yake haitatosha. Hata Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948, halikuishia kwenye kutokuwepo kwa maradhi lilipoeleza afya ni nini.

Najua nitajibiwa kwamba wauguzi ni wachache. Ni kweli, na mimi nimewahi kubaki usiku peke yangu na wodi nzima, vitanda vimejaa na wengine wamelala chini. Lakini kuweka kikombe kulia badala ya kushoto hakuhitaji ajira mpya. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili kunachukua muda, nakubali, ila kuuguza kidonda cha mgongo kilichofika mfupani kunachukua miezi. Uchache wa wauguzi ulipaswa kutufanya tuwathamini wasaidizi tulio nao bure, yaani ndugu wa mgonjwa, na hapa naomba niseme jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa kabisa. Kwenye mageti ya hospitali zetu ndugu anapokelewa kama mwizi. Amepanda daladala mbili na chupa ya chai na hotipoti ya wali, amefika muda wa kuona wagonjwa umebaki robo saa, na mlinzi anamsimamisha kwa foleni mpya, mara kadi, mara nguo, mara wameshaingia wawili. Ndugu huyo huyo ndiye anayejua kwamba mgonjwa hasikii sikio moja, kwamba hali samaki, kwamba mumewe amefariki hivi karibuni na hajaambiwa, kwamba nyumbani hulishwa na mjukuu na hakubali mwingine. Hakuna anayemuuliza lolote kati ya hayo. Akiitwa dirishani, anaitwa kupewa karatasi akanunue dawa nje. Kisha jioni anaambiwa atoke haraka, na usiku mgonjwa anaandikwa kuwa ni msumbufu, anavua dripu, anapiga kelele. Mtu aliyeamka gizani asijue yuko wapi wala nani yuko karibu naye afanye nini, kama si kupiga kelele?

Kwa hiyo napendekeza fedha za posho, chai na ukumbi wa semina hiyo zinunulie kila kitanda kigoda kimoja cha mbao, kisichozidi urefu wa goti, ili muuguzi anapozungumza na mgonjwa wawe uso kwa uso. Zamu zikabidhiane kando ya kitanda na mgonjwa akisikia, badala ya mezani. Na ukurasa wa kwanza wa kila faili uongezwe mistari minne ya kujazwa kwa kalamu ndani ya siku ya kwanza, muuguzi akiwa na mgonjwa na ndugu yake: anakulaje na nani humlisha, anaabuduje, anaogopa nini, usiku akizidiwa aitwe nani. Muuguzi mfawidhi asisaini chati ambayo mistari hiyo ni mitupu, hata kama presha na joto vimeandikwa vyote.

Wauguzi wastaafu tuko wengi mitaani, na baadhi yetu bado tuna miguu ya kupanda ngazi za wodi. Hospitali yoyote ya mkoa huu itakayotaka kuanza na wodi moja tu, nitakwenda kufundisha asubuhi mbili kila wiki bila posho. Anwani yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Naomba mhariri ampe mganga mfawidhi yeyote atakayeiulizia.

Muuguzi mstaafu,
Tanga