Barua ya Wazi kwa Afisa wa Watoto: Mfungulie Faili Yule Msichana

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Kaptembwo, hapa Nakuru. Jina langu hulijui, ila karani wako ataikumbuka leso ya kijani. Ni mimi niliyekalia benchi lenu Jumanne tangu saa mbili asubuhi, na mtoto wa jirani aliyefungwa mkono kitambaa. Ana miaka tisa. Kaka yake alipasha kijiko kwenye jiko la makaa, akambandika nacho. Saa saba karani akatoka, kitambaa hata hakukifungua. "Mama, hayo ni ya ndugu. Yamalizeni nyumbani."

Ahsante sana, Mheshimiwa. Kwetu pia yalimalizwa nyumbani.

Kaka yangu alikuwa akinifungia kwenye stoo ya mahindi. Alisukuma komeo polepole, kisha akaketi nje akipiga mluzi. Mama alikuwa na methali yake: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Na kweli akaenda kulima. Leo nina miaka 37. Choo cha kazini sikifungi. Huimba humo ndani ili watu wajue kuna mtu. Usiku mmoja mume wangu, maskini ya Mungu, aliingia na furaha zake akipiga mluzi, nikamrushia sufuria ya uji. Ndoa haikumaliza mwaka. Nikisifiwa, nangoja kipigo. Mshauri nasaha niliyemlipa kwa pesa za karo alinieleza kwamba mwili uliozoea hofu utotoni huendelea kukesha hata hatari ikishapita. Kaka naye sasa ni mzee wa kanisa. Krismasi, mimi ndiye humnawisha mikono.

Labda maafisa ni wachache, labda gari halina mafuta, labda mnaamini tu kwamba damu haichomi damu. Lakini ibara ya 53 ya Katiba inamkinga kila mtoto dhidi ya dhuluma na ukatili wa kila namna. Sikuona palipoandikwa "isipokuwa wa kaka". Sheria ya dhuluma za nyumbani ya 2015 nayo haimwachi ndugu nje. Na wewe mwenyewe, Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, ulisimama barazani ukatwambia tusinyamaze, tupige 116, simu ya kuwasaidia watoto, ni bure. Tukakupigia makofi. Hata soda zilikuwa baridi.

Simwombei kijana jela. Ana miaka 14, naye ni mtoto, na huenda yuko aliyemfunza. Ninachotaka ni faili. Uje, au utume mtu, afungue kile kitambaa aone. Mama yao ana shifti ya usiku, kwa hivyo jioni wanabaki wawili tu. Njoo kabla ya Ijumaa. Ikishindikana, njoo Jumamosi, nitakuwepo. Faili tu, Mheshimiwa.

Jana usiku nilimsikia kupitia mabati. Hakuwa akilia. Alikuwa akiomba msamaha.

Ni mimi,
Mama wa leso ya kijani