Kabla hamjaweka sahihi: barua kwa mwanangu Rehema

Lushoto

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mama yako hajambo, goti lake limetulia, na mvua za vuli mwaka huu zimeanza vizuri. Kile kijitabu mlichonitumia wewe na mkwe wangu nimekisoma mwanzo hadi mwisho, na kurasa nyingine nimezirudia.

Mnasema marafiki wa mumeo wanahamia Paraguay, kwamba kuna makazi mapya yanajengwa huko mbali na vurugu za Ulaya, na kwamba mnafikiria kuuza mlichonacho Leipzig muwafuate. Umeniomba baraka. Baraka unazo tangu ulipozaliwa, hilo lisikusumbue. Ila mimi nimefundisha historia maisha yangu yote, na siwezi kusikia Paraguay na makazi ya Wajerumani yakitajwa pamoja nikanyamaza. Kuna habari ya watu waliowatangulia hao marafiki zenu kwa zaidi ya miaka 130, na imeanzia karibu kabisa na hapo unapoishi.

Ukipanda treni hapo Leipzig kuelekea kaskazini, muda si mrefu unafika Delitzsch. Huko ndiko alikozaliwa Bernhard Förster mwaka 1843. Alikuwa mwalimu Berlin, na moyo wake ulijaa chuki dhidi ya Wayahudi. Mwaka 1880 alizua ugomvi ndani ya tramu ya farasi kwa sababu ya chuki hiyo. Kipindi hichohicho yeye na wenzake walizungusha waraka wa kumtaka Kansela Bismarck awazuie Wayahudi kuingia nchini na kushika nyadhifa za serikali. Watu zaidi ya 250,000 waliutia saini. Bismarck hakuushughulikia. Förster akapoteza kazi ya ualimu, akaondoka na imani kwamba Ujerumani imeshaharibika, na kwamba Ujerumani halisi itabidi ioteshwe upya kwenye udongo mwingine, kwa watu waliochujwa.

Mke wake alikuwa Elisabeth Nietzsche, mzaliwa wa Röcken, kijiji kilichoko kusini-magharibi ya hapo ulipo. Walioana tarehe 22 Mei 1885, siku ya kuzaliwa ya mwanamuziki Richard Wagner, ambaye wote wawili walimtukuza mno. Kaka yake Elisabeth, yule mwanafalsafa Friedrich Nietzsche, hakuhudhuria harusi. Aliwapa zawadi ya picha iliyochorwa na msanii Dürer, ya shujaa juu ya farasi akipita katikati ya kifo na shetani. Baadaye dada yake alimwomba aweke fedha kwenye ule mradi wa Paraguay, naye akakataa. Alichukia siasa za shemeji yake waziwazi. Ninamheshimu kwa hilo, maana kumkatalia ndugu wa damu jambo analolipenda ni kazi ngumu.

Kwa nini Paraguay? Nchi ile ilikuwa imetoka kwenye vita dhidi ya Brazili, Argentina na Uruguay, vita vya mwaka 1864 hadi 1870, na sehemu kubwa ya watu wake, hasa wanaume, walikuwa wamekufa. Wanawake ndio waliobaki kulima na kuisimamisha nchi upya. Serikali haikuwa na fedha, ikaanza kuuza ardhi ya umma na kuwakaribisha wageni. Förster alizunguka huko tangu mwaka 1883 hadi 1885, akarudi akihubiri kwamba ameona ardhi yenye rutuba inayosubiri mikono. Februari 1886 yeye, mkewe na familia 14 walipanda meli Hamburg.

Sasa nisikilize kwa makini hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipo na wasiwasi na mambo yenu.

Ardhi aliyoitaka Förster, kule mkoa wa San Pedro, kaskazini ya mji mkuu Asunción, ilikuwa ya mtu aitwaye Cirilio Solalinde. Bei yake Förster hakuiweza. Basi wakafanya mpango wa pande tatu: Solalinde akaiuzia serikali, na serikali ikampa Förster haki ya kuweka watu kwenye sehemu ya ardhi hiyo. Yeye alitanguliza mark 2,000 tu. Sharti likawa kwamba akifikisha familia 140 kabla ya mwisho wa Agosti 1889, hati ni yake. Asipofikisha, anapoteza vyote.

Umeona ilivyo? Mtu hana hati. Ana ahadi ya hati, iliyofungwa kwenye idadi ya watu atakaowashawishi. Naye akaenda kuwauzia watu wengine viwanja ndani ya ardhi hiyo. Wale walioacha nyumba zao Saxony na kwingineko walilipa fedha taslimu, wakafika, wakafyeka msitu, wakajenga, na hawakuweza kupata karatasi ya umiliki, kwa kuwa aliyewauzia hakuwa nayo mwenyewe. Vitu vya dukani walinunua kwa Förster. Aliyetaka kurudi kwao hakurudishiwa fedha zake. Wewe umekulia Lushoto, umesikia kesi ngapi za kiwanja kimoja kuuzwa na mtu asiye mwenye kiwanja? Ndiyo hiyohiyo, ila mahakama iko ng'ambo ya bahari.

Sisi wa huku tunamkumbuka Mjerumani Karl Peters, aliyekuja mwaka 1884 na mikataba yake akapita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, akiwawekea watawala karatasi za lugha wasiyoisoma. Miaka ni ileile. Lakini kule Paraguay walioumia kwa karatasi ya Mjerumani walikuwa Wajerumani wenzake, waliomwamini kwa sababu alikuwa mwenzao.

Makazi yaliitwa Nueva Germania, yakazinduliwa Agosti 1887. Ilibidi kupanda mto kutoka Asunción, kisha kuingia mto mdogo wa Jejuy, kisha kumalizia kwa farasi au mkokoteni wa ng'ombe. Machi 1888 Elisabeth aliingia kwa shangwe, akapokewa kwa nyimbo na maua, akahamia kwenye nyumba kubwa iliyoitwa Försterhof. Akawaandikia watu wa Ujerumani jinsi mambo yalivyo mazuri, na barua zake zikachapishwa kwenye jarida la wafuasi wa Wagner.

Wengine waliishi kwenye vibanda. Udongo ulikuwa mzito, wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha maji yanatuama, jua likiwaka unakuwa jiwe. Maji ya kunywa ilibidi kuchimbiwa visima virefu. Mbinu za kilimo walizokuja nazo hazikufaa. Kilichowafaa ni mihogo na mahindi, vyakula vya wenyeji, watu wanaosema Kiguarani na waliojua ardhi ile inataka nini. Na funza, mwanangu. Funza asili yake ni huko huko Amerika ya joto. Huyu tuliyekuwa tukimtoa vidoleni kwa pini alifika Afrika kwa meli iliyotia nanga Angola mwaka 1872, ndipo akasambaa mpaka kwetu. Fikiria mtu wa mjini, fundi au karani, hajawahi kushika jembe, ameketi jioni kwenye gogo anachokoa miguu yake kwa sindano, huku mkewe ana homa na hakuna daktari wa karibu. Huyo ndiye aliyeambiwa kwamba yeye ni mbegu bora ya taifa.

Förster alikuwa hali nyama, na alitaka jamii ya watu wa imani moja, damu moja na maisha yaliyotakaswa. Sina ugomvi na asiyekula nyama. Nilichokiona nilipokuwa nikiisoma habari hii kwa miaka mingi ni kwamba maswali yote aliyoyafikiria kwa kina yalihusu nani asiingie. Nani atachimba kisima, nani ataleta dawa, mazao yatauzwa wapi na barabara itapita wapi, hayo hakuyafikiria kwa nguvu ileile.

Kufikia katikati ya mwaka 1888 familia zilizofika zilikuwa kama 40, na baadhi zilikwisha kuanza kuondoka. Mwaka huohuo akafika fundi cherehani mmoja, Julius Klingbeil, akiwa na fedha zake na imani yake yote. Akaona nyumba kubwa ya viongozi na vibanda vya walowezi. Akaona pia kwamba mwenye kauli pale ni mke kuliko mume. Akaondoka, akarudi Ulaya, na mwaka 1889 akachapisha kitabu kizima kueleza aliyoyaona. Akina Förster na watetezi wao wakamwita mwongo. Kwangu mimi huyu fundi ndiye mtu wa kukumbukwa katika habari hii. Angeweza kuona aibu ya kutapeliwa akanyamaza, na familia nyingine zingeendelea kupanda meli.

Förster alibanwa na madeni na ile tarehe ya Agosti inayokaribia. Tarehe 3 Juni 1889 alikutwa amekufa kwenye hoteli iliyoko San Bernardino, kando ya ziwa Ypacaraí. Alikuwa amekunywa sumu. Alikuwa na miaka 46. Mkewe alitangaza kwamba ni ugonjwa wa ghafla. Agosti ikapita bila familia 140, na mwaka uliofuata makazi yakaingia mikononi mwa kampuni ya wafanyabiashara wa mataifa mbalimbali. Elisabeth alihangaika hapa na pale, akaondoka moja kwa moja mwaka 1893. Walowezi aliowaalika aliwaacha hukohuko.

Aliporudi alimkuta kaka yake akili zimemtoka tangu Januari 1889, akashika nyaraka zake zote, akaanzisha hifadhi ya nyaraka hizo, ambayo baadaye aliihamishia mji wa Weimar. Akapunguza na kubadilisha barua za kaka yake zisomeke anavyotaka yeye. Nyumba ile ya Weimar unaweza kwenda kuitazama siku moja. Alipofariki mwaka 1935, Hitler alikuja kwenye mazishi. Ukilinganisha alivyoziandika habari za Nueva Germania na alivyozifanya karatasi za Nietzsche, utaona ni mkono uleule.

Nisikufiche lililo jema. Mji wa Nueva Germania upo mpaka leo. Waliobaki walijifunza kwa majirani. Mmoja wao, Neumann, alifanikiwa kuotesha mbegu za mate, yale majani ya kinywaji cha Paraguay, ambazo watu walishindwa kuziotesha tangu enzi za mapadri Wajesuiti, na zao hilo likawapa riziki. Wakaoana na wenyeji, na wajukuu wakakua wakisema Kiguarani. Yaani kilichowaokoa ni kile hasa walichoambiwa wakikimbie. Na huo mji wa San Bernardino alikofia Förster nao ulianzishwa na Wajerumani, mwaka 1881. Ulikuwa karibu na mji mkuu, haukuwa na mahubiri ya damu, ukastawi, na watu wa Asunción huenda kupumzika huko hadi leo. Kwa hiyo sisemi Mjerumani hawezi kuishi Paraguay, wala simwoni mkwe wangu kuwa Förster. Ni kijana mwema, anakutunza, na mchango wake nilipolazwa sijausahau.

Lakini kwenye kijitabu chenu kuna mahali pameandikwa kwamba makazi hayo ni ya watu wa utamaduni unaofanana. Nilipofika hapo niliacha kusoma kwanza. Wewe ni Msambaa wa Lushoto. Wajukuu wangu wana rangi yako na nywele zako. Aliyeandika sentensi ile alikuwa anamfikiria nani? Mwulizeni, tena mbele ya wenzake, na msikubali jibu la kwamba wewe ni tofauti kwa kuwa wanakujua. Mtu anayeingizwa kwa upendeleo anaweza kutolewa siku upendeleo ukiisha, na hapo mtakuwa mmeshauza nyumba.

Halafu kuna mambo ya karatasi. Sikuona popote pameandikwa hati iko kwa jina la nani. Kuna neno "hisa", kuna neno "uanachama", hakuna neno "umiliki". Nataka kujua mkilipa mnapata kiwanja chenye hati yenu iliyosajiliwa serikalini huko, au mnapata nafasi ndani ya kampuni ya mtu. Nataka kujua mkiondoka baada ya mwaka mmoja mnarudishiwa kiasi gani, na nani anasema hivyo kwa maandishi. Nataka kujua ni kina nani wanaishi pale sasa, wamelipwa nini, na kama kuna yeyote kati ya hao marafiki anayejua hata salamu ya Kiguarani. Wewe ni muuguzi, basi uliza hospitali iko umbali gani na barabara inapitika wakati wa mvua au haipitiki. Na tafuteni mtu aliyekwenda akaondoka. Msitosheke na wale waliobaki, maana hao wana fedha zao ndani.

Mumeo mpe barua hii, umtafsirie yote, usiruke lile la utamaduni. Mwambie namsalimu na ninasubiri kuongea naye Jumapili jioni baada ya zamu yako. Mkataba wenyewe nitumieni nakala kabla ya mtu yeyote kuweka sahihi. Kuna mwanafunzi wangu wa zamani ambaye ni wakili Tanga, nimeshamwambia, atausoma bila malipo.

Baba yako