Tusiwakaririshe watoto wa miaka mitatu majibu ya usaili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wanaowatafutia watoto wao nafasi katika shule za chekechea za kimataifa, hasa wale ambao kila jioni huwaketisha watoto wa miaka mitatu au minne mezani na kuwakaririsha majibu ya usaili. Nimefundisha chekechea kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa miongoni mwa walimu wanaokaa na watoto siku hiyo ya usaili.

Mzazi anayesubiri nje hudhani kwamba ndani mtoto wake anaulizwa rangi, namba na herufi. Mara nyingi mtoto huingizwa chumbani pamoja na wenzake wachache, akakuta vipande vya mbao vya kujengea, udongo wa kufinyanga na vitabu vya picha, na walimu wakaketi pembeni na madaftari yao. Tunatazama anavyotulia baada ya kuachana na mzazi wake, anavyofanya anapokitaka kitu kilicho mkononi mwa mwenzake, kama anaweza kufuata agizo lenye hatua mbili, na kama kopo likikataa kufunguka ataomba msaada, atajaribu tena au atasusa. Kulia si kosa. Mtoto wa umri huo kulia mama yake anapoondoka ni jambo la kawaida kabisa, na sijaona mwalimu mwenye uzoefu akimhesabia mtoto machozi hayo kuwa upungufu.

Kuna mtoto mmoja wa kike ambaye sijamsahau. Alikuwa amejenga mnara mzuri wa mbao, nikachuchumaa kando yake na kumuuliza ni nani anayeishi humo. Akanitajia jina lake, umri wake na rangi anayoipenda, kwa Kiingereza safi, bila kuinua macho. Nilipomuuliza tena kuhusu mnara akarudia maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, kisha akanyamaza akitazama mlango, na mnara wake hakuugusa tena. Mama yake alinifuata baadaye akaniuliza, kwa wasiwasi mkubwa, kama mtoto alijibu yote. Alikuwa amejibu yote, lakini yale niliyotaka kuyajua, yaani anawaza nini na anajieleza vipi, yalikuwa yamefunikwa na mazoezi ya wiki nyingi.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni la lugha. Wazazi wengi, wakidhani wanamsaidia mtoto, huiacha lugha yao wakiwa nyumbani na kuanza kumsemesha Kiingereza ambacho wao wenyewe hawakimudu vizuri, hivyo mazungumzo ya nyumbani yanabaki kuwa amri fupi fupi za njoo, kaa, kula. Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alionyesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya masomo ni vitu viwili, na utafiti wake ulionyesha kuwa ile ya kwanza mtoto huweza kuipata kwa takriban miaka miwili, ilhali ya pili humchukua mitano hadi saba. Kwa hiyo tuisheni ya miezi mitatu kabla ya usaili haiwezi kuziba pengo hilo. Kinachombeba mtoto ni utajiri wa lugha aliyonayo tayari: kusimuliwa hadithi na kuisimulia tena, kubishana na babu yake, kuuliza kwa nini na kujibiwa. Mtoto mwenye lugha moja iliyokomaa huijenga ya pili juu yake, wala shule inayojua kazi yake haitamtaka mzazi aizime lugha hiyo nyumbani. Shirika la International Baccalaureate, linaloandaa mitaala ya shule za kimataifa, ambalo programu yake ya shule ya msingi ilianza mwaka 1997 na huwapokea watoto kuanzia miaka mitatu, huzitaka shule zake ziwe na sera ya lugha iliyoandikwa. Mzazi na aombe kuisoma.

Matayarisho mengine ni ya mikono na mwili, nayo yanahitaji miezi, si siku: kwenda chooni na kujisafisha, kunawa mikono, kufungua chombo cha chakula, kuvaa viatu, na kuzoea kubaki saa chache na mtu mzima asiyekuwa mzazi. Haya humpa mtoto utulivu, na mtoto aliyetulia ndiye anayeweza kucheza na kujifunza.

Kuhusu umri, nawasihi wazazi wasiwasukume watoto darasa la juu. Katika mfumo wa Uingereza, ambao shule nyingi za kimataifa huufuata, mwaka wa shule huhesabiwa kuanzia Septemba, hivyo mtoto aliyezaliwa mwishoni mwa Agosti huketi na mwenzake anayemzidi karibu mwaka mzima. Kwa mtu wa miaka 4, huo ni robo ya maisha yake yote. Tofauti hiyo huonekana katika kushika penseli, katika usingizi wa mchana na katika uvumilivu, na si kasoro ya mtoto.

Sasa nije kwenye uchaguzi wa shule. Neno "kimataifa" peke yake halithibitishi kitu, na hata jina la Montessori, yaani mfumo wa kufundisha watoto wadogo, katika nchi nyingi hutumiwa bila idhini ya yeyote. Shule ikisema ina ithibati, yaani imetambuliwa rasmi kuwa imefikia viwango, iulizwe imepewa na chombo gani, kisha mzazi ahakikishe kwa chombo chenyewe, kwa maana kuomba ithibati na kuipata ni mambo tofauti. Aulize pia idadi ya watoto kwa kila mtu mzima. Kwa watoto wa miaka 3 na kuendelea, sheria ya England huruhusu mlezi mmoja kwa watoto 8, au kwa watoto 13 ikiwa anayewaongoza ni mwalimu mwenye sifa kamili. Shule zilizo nje ya nchi hiyo hazibanwi na sheria hiyo, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Atembelee shule siku ya kawaida, si siku iliyopambwa kwa ajili ya wageni. Amtazame mwalimu pale mtoto anapomwaga maji au anapomng'ata mwenzake, kwa sababu nusu dakika hiyo itamweleza mengi kuliko kijitabu cha rangi. Aulize ni walimu wangapi waliondoka mwaka uliopita, maana mtoto mdogo hushikamana na mtu kabla ya kushikamana na shule. Na kabla ya kulipa amana asome masharti ya kurudishiwa, kisha apige hesabu ya ada ya miaka yote anayokusudia, si ya mwaka wa kwanza tu. Nimewaona watoto wakiondolewa katikati ya mwaka kwa sababu ya ada, wakiwa ndiyo kwanza wamepata marafiki, na uchungu wao si mdogo.

Shule nazo zina wajibu, na hapa nasema na wenzangu. Wazazi hukaririsha kwa sababu hatuwaambii tunachokitafuta. Kila shule ingeeleza kwa maandishi, kabla mzazi hajalipia fomu, siku hiyo itakuwaje na nini kitaangaliwa. Na pale tunapokosa nafasi ya kumpa mtoto, tusimpe mzazi barua ya mistari miwili tu. Tumweleze tulichokiona: kwamba mtoto hukaa na kitabu muda mrefu, kwamba huogopa sauti kubwa, kwamba hucheza vizuri zaidi na mtu mmoja kuliko kundi. Baada ya wiki chache mtoto huyo ataingia katika shule nyingine, na mwalimu atakayempokea huko atahitaji kuyajua.

Wako katika ulezi wa watoto,
Mwalimu wa chekechea