"Tangu 1938" si jambo la kujivunia

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuandika, lakini ile makala ya utalii kuhusu mji wa Chemnitz, huku Saksonia, imenishinda kunyamaza. Mwandishi wenu kalisifia jengo lenye safu za madirisha yaliyopinda, kisha akasema wenye duka "walihama". Walihama, kana kwamba kodi ya pango ilipanda! Lile lilikuwa duka la Schocken, lililofunguliwa 1930. Mwenye mali, Salman Schocken, na msanifu wake Erich Mendelsohn, wote Wayahudi. Wanazi wa Hitler, waliowatesa Wayahudi, waliposhika madaraka 1933, Mendelsohn aliikimbia Ujerumani mwaka huohuo, Schocken akafuata 1934, na 1938 kampuni ikatwaliwa, ikabandikwa jina la Merkur. Siku hizi ni makumbusho ya akiolojia.

Mimi naishi mkoa huohuo. Mji wa jirani una duka la viatu ambalo mifuko yake imechapwa kwa rangi ya dhahabu: "Tangu 1938". Nikamuuliza mwenyewe, kabla ya hapo palikuwa na nani? Akanijibu palikuwa patupu, halafu akaniuliza kama nahitaji na dawa ya viatu. Patupu! Nikaenda masijala ya mji, nikafunguliwa kitabu cha anwani cha 1932: mtaa uleule, namba ileile, biashara ileile ya viatu, jina la Kiyahudi. Novemba 1938 maduka ya Wayahudi yalivunjwa vioo nchi nzima. Tarehe 12 mwezi huohuo ikatoka amri ya kuwapiga marufuku kufanya biashara kuanzia Januari 1939, na Desemba nyingine ya kuwalazimisha kuuza. Wakauza kwa bei ya kutupa, na mara nyingi mnunuzi alikuwa jirani yao. Mwaka huo ndio mtu anautia dhahabu!

Na kwa kuwa nimeshaanza: mwandishi huyohuyo alipofika Berlin alijaza safu nzima kwa soseji. Pale Brunnenstraße, chini kwenye njia ya miguu, kuna kibao cha shaba cha kumkumbuka Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufia kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen 1944. Hakuwa Myahudi, ila kibao chake ni sawa na vile vya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, kama sentimita 10 kwa 10. Mtu wetu huyo hakupata hata mstari.

Safari ijayo mpeni mwandishi wenu kopo la braso na kitambaa, apige magoti akisugue. Na yule wa viatu achape jina la 1932 kwenye mifuko yake, herufi za ukubwa uleule, kwa dhahabu ileile.

Msomaji wenu,
Saksonia, Ujerumani